Boflo za Hospitali na Kaka wa Ziwa

Miaka ile boflo za hospitali zilitoka kwenye tanuri la kaka yangu, na aliyeamua kwamba zitoke huko alikuwa kaka yangu mwingine. Wa kwanza ni wa tumbo, mama yangu kamzaa. Wa pili ni wa ziwa, mama yangu kamnyonyesha. Mimi nilikuwa muuguzi mwanafunzi katika wodi ya wanawake, na asubuhi ndimi niliyeigawa mikate ile kitanda kwa kitanda. Tangu siku hizo sijui kula mkate nikatulia. Mpaka leo nikipewa kipande hukigeuza kwanza, nikakitazama chini, na wajukuu hunicheka. Wacheke tu.

Kaka wa ziwa alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu, Jang'ombe, Unguja, karibu siku moja na kaka yangu. Mama yake alishikwa na homa ya uzazi, maziwa yakamkauka, na mama yangu akamchukua mtoto yule akamnyonyesha pamoja na wake. "Huyu huku, huyu huku," alikuwa akituambia, "na wote wawili walafi." Kwetu sisi hiyo haikuwa fadhila ya kupita. Aliyenyonya kwa mama yangu ni mwana wa mama yangu na ni ndugu yangu mimi, hawezi kunioa hata dunia ibaki na sisi wawili tu. Mama yake alipopona alirudishiwa mtoto wake, lakini mtoto mwenyewe alikuwa ameshapata nyumba mbili, na ya kwetu ndiyo aliyoipenda. Alikuwa akija mpaka jikoni, akifunua vyungu, akiuliza samaki wa jana yuko wapi. Nilimpenda sana. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani kwamba nasimulia kwa hasira peke yake, ingawa hasira ninayo, na si kidogo.

Kabla ya Mapinduzi wawili hao walijenga tanuri nyuma ya nyumba yetu. Kaka wa ziwa alikuwa karani bandarini, akatoa akiba yake. Kaka wa tumbo alikuwa amejifunza kuoka kwa Mshihiri mmoja, Mwarabu wa Hadhramauti, akatoa mikono yake. Hawakuandikiana chochote. Walisoma Fatiha, wakakubaliana nusu kwa nusu, wakaanza kuchanganya hamira. Nani angeandikiana na ndugu yake?

Yakaja Mapinduzi, na karani wetu, aliyekuwa na ulimi mzuri na hati nzuri zaidi, akapanda upesi. Kwanza kwenye tawi la chama, kisha ofisini mjini, mpaka akakabidhiwa idara iliyokuwa ikinunua chakula cha hospitali, cha shule na cha kambi. Dirisha lake lilitazama Forodhani. Unga wa ngano ulioshuka bandarini haukwenda popote bila yeye kusema uende. Siku ya kuteuliwa kwake mama alipika pilau, akaita majirani, akalia kwa furaha. Wiki haikwisha, tanuri letu likapewa kazi ya kuoka boflo za hospitali. Nasi tukaona ni sawa, kwani mikate ya kaka ilikuwa mizuri kweli, na mchuma janga hula na wa kwao, seuze mchuma heri.

Lakini nusu ya tanuri ilikuwa bado ya kaka wa ziwa. Hilo ndilo lililoanza kunitia kichomi. Mtu mmoja alikuwa anaununua mkate kwa niaba ya serikali na kuuuza kwa niaba yake mwenyewe, na katikati ya mikono yake miwili hakuna aliyesimama. Unga ulipoanza kuadimika, tanuri moja baada ya jingine likazimika mtaani. Mzee aliyekuwa akioka mikate ya ajemi karibu na msikiti alikaa barazani na kanzu safi, hana la kufanya, akitutazama tukipitisha mapolo ya unga. Alikuwa akinijibu salamu yangu kama kawaida, "Marahaba, mwanangu," na mimi nilikuwa nikiharakisha hatua.

Kisha boflo zikaanza kupungua. Kwanza zilikuwa nyepesi, halafu fupi, halafu zikaja na rangi ya kijivu na vijidudu vilivyookwa pamoja nazo. Mama mmoja wa Makunduchi, aliyekuwa amepasuliwa tumbo, aliishika boflo yake kwa vidole viwili akaniuliza, "Mwanangu, hii nayo yaugua?" Wodi nzima ikacheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda chooni nikasimama huko kwa sababu sikujua pa kuupeleka uso wangu.

Nilipotoka kazini sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja tanurini na sare yangu. Kaka alikuwa anakwangua kinu cha kukandia, unga mpaka kwenye nyusi.

"Unawalisha nini wagonjwa wewe?" nikamwambia.

"Nnawalisha nnachopewa," akasema. "Unga unaokuja hapa nusu. Boflo zinazotakiwa zile zile. Nusu nyengine sijui inakwendapi, na weye usiulize."

"Muulize nduguyo."

"Nshamuuliza. Kanambia nipige maji zaidi."

Nikaenda mjini mwenyewe. Siku hizo nilikuwa siwezi kukaa. Nikikaa miguu inatikisika, nikilala nageuka kama chapati, mwisho shangazi akasema nimeingiwa na kitu nisomewe. Nilimkuta kaka wa ziwa ofisini kwake, akaniagizia chai yenye sukari ya kutosha, jambo ambalo mtaani lilikuwa limeshaanza kuwa hadithi. Nikamweleza habari za boflo, za yule mama wa Makunduchi, za vijidudu. Alinisikiliza vizuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa sumu yake, alikuwa anajua kusikiliza.

"Dada yangu," akasema mwishoni, "weye una akili. Kuna nafasi za masomo ya uuguzi nje. Jina lako ntalipeleka mie mwenyewe."

"Nipe unga. Ndege sikukuomba."

Akacheka, akaniambia nimerithi ulimi wa mama. Akanisindikiza mpaka ngazini na mkono begani. Nikateremka na ghadhabu, na ghadhabu yenyewe ilikuwa na tamaa ndani yake, maana nilizitaka sana zile nafasi za masomo, na yeye alijua.

Manung'uniko hayakuzuilika. Madaktari walilalamika, kambini nako wakalalamika, na huko juu ikaamuliwa iundwe kamati ya kuchunguza boflo. Mwenyekiti wa kamati akateuliwa mkuu wa idara ya chakula. Ndiyo, yeye. Kesi ya ngedere kapelekewa nyani, na nyani kavaa suti ya kaunda. Mtaani watu walikuwa wanacheka mikono ikiwa midomoni, kwani kucheka wazi wakati ule kulikuwa na gharama.

Kikao kilifanywa tawini kwetu, alasiri, hadharani, ili wananchi waone haki ikitendeka. Wanaume mbele, wanawake nyuma, mama yangu na mimi tukiwa karibu na mlango. Kaka wa tumbo alikalishwa kwenye benchi lake peke yake, amevaa shati la Idi. Kaka wa ziwa alikaa mezani. Walikuwa wanatazamana kwa urefu wa chumba kimoja, watu ambao walikuwa wameota meno pamoja.

Mambo yalikwenda haraka. Akaulizwa kaka kwa nini boflo zimepungua, akajibu unga haukuwa ukimfika wote. Akaulizwa nani ashuhudie hayo. Akaitazama meza ya mwenyekiti. Hapo ndipo hamali mmoja wa bandarini, mtu mkubwa, mlevi wa tembo lakini si wa maneno, aliposimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "mie nnauliza tu. Huyu si ndugu yako? Na lile tanuri si lenu nyote wawili?"

Wanaume wa mbele wakainamisha macho. Kiongozi kuwa na biashara yake ya siri, na biashara yenyewe iuzie serikali, lilikuwa jambo la kumpoteza mtu. Nilimwona kaka wa ziwa akifuta miwani. Nilidhani, wallahi nilidhani, kwamba atasema kweli, au angalau atasema nusu ya kweli.

"Mwenye tanuri," akasema, "ni jirani yangu wa utotoni. Si ndugu yangu, na kwenye tanuri lake mie sina changu. Na hayo ya ziwa mnayoyanong'ona ni maneno ya wanawake wa uani. Mie nilinyonya kwa mama yangu."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Katika habari ya kunyonyesha, shahidi ni aliyenyonyesha, na aliyenyonyesha alikuwa ameketi pale pembeni yangu na mikono mapajani. Neno moja tu lilitakiwa. Nilimsukuma kwa kiwiko, nikamnong'oneza, "Mama, sema." Hakusema. Nikamsukuma tena. Akanishika mkono akaubana mpaka kucha zikaniingia, na kikao kikafungwa. Kaka yangu akachukuliwa palepale kwa kosa la kuiba chakula cha wagonjwa, na tanuri likatiwa kufuli.

Nilimgombeza mama njia nzima, mimi, ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Nilimwambia amemuuza mwanawe. Aliniacha nimalize.

"Nikisimama nammaliza mmoja, nikikaa nammaliza mmoja," akasema. "Nlikuwa nangoja asimame yeye mwenyewe, wa mezani."

Kisha akaingia ndani, akalala na viatu.

Zikapita siku ambazo sizikumbuki vizuri isipokuwa kwamba nilikuwa natembea. Nilikwenda gerezani nikakataliwa, nikaenda kwa watu wa kamati nikaambiwa mwenyekiti ndiye mwenye kauli, nikarudi gerezani. Wodini boflo zikawa zinatoka tanuri jingine, na hazikuwa nzuri zaidi.

Asubuhi moja gari likasimama nje. Kaka wa ziwa akaingia kama alivyoingia maisha yake yote, akapita ukumbini, akatokea uani na polo la mchele mabegani mwa dereva wake. Mama alikuwa anachambua choroko, kichwa wazi, nywele zake za mvi zimesukwa nusu. Alipomwona alivuta kanga akajifunika kichwa na uso wote, akageukia ukutani.

"Mwanangu," akaniita mimi, "kuna mwanamme uani. Mtoe."

"Mama, ni mie," akasema kaka wa ziwa.

"Mie sikukunyonyesha. Umesema mbele za watu wote. Basi weye kwangu ajinabi, mtu kando, na mwanamme ajinabi haingii uani kwangu, wala hakioni kichwa changu. Toka."

"Mama, yale yalikuwa maneno ya kikao."

"Toka, baba."

Akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikafunga, nikatia komeo. Nikamsikia bado amesimama upande wa pili, anahema. Kisha akabisha hodi. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia sauti yake ikipiga hodi kwetu.

"Mwambie," mama akasema kwa sauti ya kusikika njiani, "nyumba hii haina mwanamme wa kumkaribisha. Mwanamme wake anaye yeye, kamfunga."

Nikasikia nyayo zake zikisogea. Halafu, karibu kabisa na ubao wa mlango, akauliza, "Nikimtoa, mtanifungulia?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Hata hapo alikuwa anafanya biashara. Kwa mkono mmoja ameishika jela ya serikali, kwa mkono wa pili anataka radhi ya mama, wabadilishane. Lakini nitasema kweli: moyo wangu ulipiga kelele ndiyo, ndiyo, chukua mlango, chukua nyumba. Nilimtazama mama. Alikuwa bado amejifunika.

"Mtoe," akasema. "Mlango ntaufungua."

Kaka alirudi kabla ya Ijumaa, amekonda, hana tanuri, na mkono mmoja haunyooki sawasawa. Hakuna aliyetangaza kosa lilikwenda wapi. Lilifutika kama lilivyoandikwa, kwa neno la mtu yule yule, na hilo mimi liliniudhi karibu sawa na kufungwa kwenyewe. Mama alimwogesha kama mtoto. Alimpikia, akamkalisha, akamtazama akila mpaka tonge la mwisho.

Ijumaa yenyewe, baada ya sala, ikabishwa hodi. Mama akaniambia nifungue. Kaka wa tumbo alisimama akampokea nduguye, wakapeana mikono, wakakaa ukumbini kwenye mkeka wa wageni. Nikapeleka kahawa. Kaka wa ziwa hakuigusa. Alikuwa ametazama pazia la mlango wa uani, nyuma yake tukimsikia mama akitembea, akiweka chungu, akipuliza moto. Alingoja sana. Kahawa ikapoa, kaka akaiinamia yake, mimi nikawa nimesimama na sinia sijui niende wapi.

Hatimaye kaka wa ziwa akakohoa, na sauti ikamtoka ndogo mno kwa mtu mwenye dirisha la Forodhani.

"Shikamoo, mama."

Nyayo zikasimama nyuma ya pazia.

"Marahaba, mheshimiwa," akasema mama.