Nusu ya Maneno ya Shangazi

Ni mimi niliyeandika ile hotuba. Kwa miaka nimekana, kazini, kanisani, hata mbele ya shangazi yangu aliyenilea. Leo nakiri: ni mimi, kwa kalamu yangu na shahada yangu ya chuo kikuu!

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa. Nilikuwa ofisa habari wa shirika moja la mifugo hapa Dodoma. Kazi yangu hasa ilikuwa kumfanya mkurugenzi wetu, tuliyemwita Mkubwa, asikike kama mtu mwenye akili. Kazi ngumu, lakini shirika lilinipa nyumba yenye bomba ndani, nami niliyekua nikichota maji korongoni nikajiona nimefika.

Upande wa Kongwa shirika lilikuwa na lambo. Wafugaji wa pale walinywesha mifugo yao humo tangu nikiwa mtoto. Mkubwa akalizungushia seng'enge, akasema limepata mwekezaji. Mwekezaji alikuwa mke wake. Nilijua. Ofisi nzima ilijua, na tuliendelea kunywa chai.

Siku ya kuwatangazia wanakijiji alitaka hotuba yenye ladha ya kienyeji. Nikamkumbuka shangazi. Alikuwa na kisima chake cha kuchimba kando ya korongo, kijijini pale pale, na kwetu mpita njia hanyimwi maji. Akitokea mtu, shangazi humtania: "Mwenye kiu aje na kibuyu chake, kamba ninayo."

Nikachukua kibuyu. Kamba nikaiacha.

Mkubwa aliisoma hotuba: "Mwenye kiu aje na kibuyu chake!" Akacheka, akairudia, wazee wa watu wamesimama juani. Shangazi alikuwepo.

Kiangazi kile kisima chake kikaelemewa na mifugo ya kijiji kizima, kikakauka. Mbuzi wake, wa ukoo uleule wa wale waliouzwa ili nisome, walifia kwenye seng'enge maji wakiyaona. Nilipokwenda kumsalimia akaniuliza mara moja tu kama yale maneno niliyaandika mimi. Nikasema hapana, Mkubwa ana waandishi wake Dar es Salaam. Akanitengea ugali. Hakula nami.

Mkubwa naye alikuwa amenogewa. Sokoni Majengo wauza nafaka walishaigeuza kauli ile kejeli ya kumfukuzia mteja asiye na kitu. Yeye akadhani anapendwa. Akaja mgeni wa ngazi ya juu kukagua shirika, akauliza kwa nini watu wamejaa nje ya waya. Mkubwa akamjibu kwa kauli ileile, tumbo likimtikisika. Mgeni hakucheka. Akaagiza hati za lambo, akakuta jina la mke. Haukupita muda redio ikatangaza kwamba uteuzi wa Mkubwa umetenguliwa, na lambo likarudi kijijini.

Hasira yangu juu ya yule mtu haijaisha hadi leo. Lakini yeye alikuwa na tamaa tu. Ulimi nilimpa mimi! Ninyi wenye shahada mnaowaandikia wakubwa, siku mkijikuta mnawaazima maneno ya mama zenu, wekeni kalamu chini.

Mvua zilipokwisha kunyesha, simu ya ofisini ililia. Alikuwa shangazi, anapiga kutoka posta ya Kongwa, yeye ambaye hajawahi kunipigia. Nikamwamkia. Akasema jana Mkubwa alikuwa anakwenda kuondoa vitu vyake kule lamboni, gari likachemka karibu na kisima chake, akaomba maji.

"Ukampa?"

"Nilimpa. Kibuyu hakuwa nacho, nikamwazima. Ila kamba kaivuta mwenyewe, na tai yake shingoni."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa niambie, mwanangu. Ile nusu yangu nyingine uliiweka wapi?"

Nikasikia sauti yangu ikianza kusema kwamba Mkubwa alikuwa na waandishi wake Dar es Salaam.

Akakata simu.