Winifrida na Kaburi la Mama wa Mzee James

Jumanne, tarehe 9 Novemba 2004. Ukungu umeishukia Edmonton, kaskazini mwa London, tangu alfajiri, na manyunyu yanamlowesha mabega Winifrida Rweyemamu, aliyesimama mlangoni kwa Mzee James Murphy. Ufunguo anao mkononi. Mlango haufungui.

"Naogopa," anasema. "Leo nakwenda kumnyang'anya mzee mama yake."

Winifrida, mzaliwa wa Karagwe mwenye miaka 47, ndiye anayemwogesha na kumlisha mzee huyu, mgonjwa wa moyo. Mwaka jana mzee alimweleza haja yake: azikwe Ireland, kando ya mama yake, Nora, aliyefariki London akimwacha mchanga na kurudishwa kuzikwa kwao, Cork. Parokia gani, hakuna ajuaye. Mzee alikumbuka mawili tu: babu yake mzaa mama, ambaye alirithi jina lake la ukoo, aliitwa Daniel Murphy, na Nora alilelewa na mama yake wa ubatizo, Bridget Keane.

Winifrida akajiandikisha darasa la jioni la kutafuta nasaba. Huko husoma kwa mashine rejista za ubatizo za parokia zilizopigwa picha kwenye filamu, rozari mfukoni, macho yakimuuma.

"Kina Murphy wa Cork ni kama mchanga," anasema. "Na wajukuu hurithi majina ya babu. Daniel Murphy wamejaa kila parokia!"

Nancy, Mtanzania mwenzake darasani, humtania: "Da Wini, wafu wa Karagwe umewamaliza, sasa umehamia kwa Wazungu?"

Septemba, katika rejista ya parokia moja ya Cork, alimwona Nora, binti Daniel. "Nikapiga ishara ya msalaba, nikazima mashine. Nikasema Mungu amejibu. Wasimamizi wa ubatizo sikuwasoma."

Mzee alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo huwaombea wazazi wa Nora yule kwa majina. Na leo mchana binti wa mzee, Dinah, atampigia paroko wa huko kununua kaburi.

Jana jioni Winifrida aliirudia filamu ile, akasoma majina ya wasimamizi. Bridget Keane hayumo. Nora yule ni wa watu wengine.

Anafungua mlango. Dinah anamimina chai. Nesi Balwinder anampima mzee presha.

"Umechelewa, Winnie," mzee anasema. "Nilidhani umeolewa."

"Mzee, nimekosea." Anaeleza yote.

Dinah anaweka birika chini. "Unajua baba amebakiwa na muda gani?"

"Najua, Dinah. Ndiyo maana sikulala."

Mzee amefumba macho, pumzi inakuja kwa shida. Winifrida anadhani amemuua.

"Kumbe nimewaombea wageni," hatimaye mzee ananong'ona. "Haidhuru, nao walihitaji. Lakini usinilaze kwao, mwanangu."

Winifrida anamshika mkono. Parokia za jirani hajazigusa bado. Safari hii ataanza na wasimamizi. Anasema kwa sauti, nesi na Dinah wakisikia:

"Mbele ya hawa wawili na mbele ya Mungu, nitamtafuta mtoto aliyesimamiwa na Bridget Keane. Nikimpata, utalala kando yake. Nisipompata, nitakwambia sijampata. Mama wa mtu mwingine sikupi tena."