Kambare wa Wifi Yangu

Mtu akiniuliza ni chakula gani nilichopata kukipika kikanifurahisha kuliko vyote, namjibu ni wali mweupe wa samli. Mchele wenyewe ulikuwa wa kawaida tu.

Niliolewa katika kijiji kimoja cha ukingoni mwa Tana, si mbali na Hewani, miaka ile ambayo misheni ya Ngao ilikuwa bado mpya. Nilimkuta wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameachika na kurudi kwa babake. Jiko la nyumba lilikuwa mikononi mwake kwa kuwa macho ya mama mkwe yalikuwa yamefifia. Mimi niliwekewa mafiga matatu pembeni. Desturi yao ilikuwa kwamba bibi arusi hupika mwaka mmoja, na baada ya mavuno mzee wa nyumba huamua jiko lipi libaki. Lingine huzimwa, na mwenye jiko hilo hula kwa mwenzake siku zote za maisha yake. Wifi alilijua hilo kabla yangu, na alikwishajiandaa.

Wanaume wote wa kijiji walikula pamoja kwenye jamvi moja, kila jiko likipeleka chungu chake. Ili vyungu visifanane, sisi wanawake tulitangaziana alasiri tukiteka maji. "Mimi leo majani ya kunde." "Mimi boga." Aliyetangaza kwanza chakula kilikuwa chake, na hakuna aliyethubutu kukirudia. Hakuna, isipokuwa wifi yangu.

Alinisikia nikisema ndizi mbichi za maziwa, akacheka na wenzake, akajitwika mtungi akaenda. Jua likielekea kuzama nikafika jamvini na chungu changu, nikakuta ndizi za maziwa zimeshaliwa nusu. Wanaume wakacheka. "Bibi arusi anaiga wifi yake!" Kesho yake nikatangaza boga, akafanya vivyo hivyo. Mara ya tatu, ya nne, ya saba. Wanawake waliokuwa mtoni walijua ukweli na walinyamaza, maana yeye alikuwa binti wa mzee na mimi nilikuwa mgeni. Mume wangu nilipomweleza alisema, "Si upike kingine tu?" Nilimchukia usiku huo karibu sawa na dadake.

Zilibaki wiki chache mavuno yafike. Asubuhi moja nilikuwa shambani alipopita mama mmoja wa Kiorma, wale wafugaji jirani zetu, aliyezoea kutuletea maziwa tukampa unga. Akanishika mkono.

"Leo jioni mzee yetu nakuja kwa baba ya mume yako. Watu tatu. Nataka maneno ya malka. Ambia mama ya jiko kubwa."

Malka ni ile njia ya kupitishia ng'ombe kati ya mashamba hadi majini. Kiangazi kilichopita ng'ombe wao walikanyaga mahindi yetu, fimbo zikapigwa, na vijana wawili walipasuliwa vichwa. Sasa walikuwa wakija kusuluhisha. Nami nilijua, kama kila mtu wa mto ule alivyojua, kwamba Waorma hawali samaki. Kula hawali, na hata kukaa karibu na chungu cha samaki ni karaha kwao.

Nikamwambia nitafikisha. Sikufikisha.

Alasiri nikashuka mtoni, nikasubiri mpaka wifi atie kata majini, kisha nikasema kwa sauti, "Mimi leo kambare kwa ndizi."

Niliona alivyoharakisha kupanda ukingo. Nikaenda kupika wali, taratibu, na samli yote niliyokuwa nayo nikaimimina humo.

Wageni walifika, wakakaribishwa jamvini, wakanawa mikono. Wifi akatokea na chungu chake, mbio kunitangulia kama kawaida, akakifunua kabla hajatazama waliokaa ni nani. Harufu ikatoka. Mzee wa Kiorma akaangalia ndani, akaangalia uso wa baba mkwe, akasimama. Wenzake wakasimama pia, mmoja ameziba pua kwa nguo. Baba mkwe alijifunika uso kwa kiganja. Sijawahi kumwona mtu mzima akiaibika vile, na namwomba Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikapita katikati yao, nikaweka wali. "Karibuni, baba zangu. Hiki ndicho chakula chenu."

Mzee wa Kiorma alinusa samli. Akakaa.

"Nyumba hii iko mtu anajua sisi," akasema.

Wifi akapiga kelele. "Huyu ndiye aliyesema kambare! Mtoni! Waulizeni wote!" Baba mkwe akawageukia wanawake walioleta vyungu. Wakatazama chini, mmoja mmoja. Walinyamaza kama walivyoninyamazia mimi.

Malka ilikubaliwa kabla wali haujaisha. Baba mkwe hakungoja mavuno. Asubuhi aling'oa mafiga ya binti yake kwa mikono yake mwenyewe na kuyatupa nyuma ya ua.

Jioni ile wifi alikuja kukaa karibu na moto wangu, bakuli mapajani. Nikawapakulia wanaume, nikampakulia mama mkwe, nikawapakulia watoto wa jirani ambao hata hawakuwa na njaa. Akasema polepole, bila kiburi hata kidogo, "Wifi, nina njaa."

"Ngoja," nikamwambia.

Aliishi nasi miaka mingi baadaye. Chakula sikumnyima hata siku moja, na hakuna anayeweza kunisingizia hilo. Lakini kila jioni nilimngojesha, hata alipougua na mkono wake ukawa hauwezi tena kushika bakuli. Siku aliyokufa, sehemu yake ilikuwa bado chunguni.