Fimbo ya Gofu Haikabwi Koo

Siku ile siikumbuki kwa kichwa, mwanangu. Naikumbuka kwa kiwiko. Baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani, upande wa ndani wa kiwiko changu cha kulia bado hunong'ona, nami hukijibu: nyamaza, tulishamalizana. Nasikia na wewe kiwiko kinakuuma, na kwamba umezifunga fimbo zako za gofu kwenye gunia ukazitupa darini. Umesema gofu si mchezo wa watu wetu. Maneno hayo niliambiwa kabla mama yako hajazaliwa. Sikuyakubali wakati huo na sitayakubali leo, kwa hiyo keti.

Nilikuwa karani katika ofisi ya kilimo mjini Meru. Nilizaliwa Kianjai, nikaolewa karibu na Makutano, kwenye boma lenye ng'ombe wawili wa maziwa na majani mengi ya nepia ya kuwalisha. Uhuru ulikuwa umeshakuja, na ule uwanja wa gofu tuliokuwa tukiuchungulia kupitia ua ulikuwa umefunguliwa kwa watu wote. Kwa watu wote, walisema. Wanawake tulipewa Jumamosi alasiri, wanaume wakishamaliza, na mwanamke aliyetaka kuandikwa mwanachama alitakiwa acheze duru tatu kamili mbele ya mwanakamati kabla ya mkutano wa mwaka. Wanaume hawakutakiwa hivyo. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa ndio utaratibu. Siku hiyohiyo nikaapa kwamba jina langu litaingia kwenye kitabu chao cha wanachama.

Hakuna aliyenifundisha kushika fimbo, basi niliishika kama nilivyofundishwa kushika jembe: mikono miwili, meno yameumana, kana kwamba itanitoroka. Mtoto wa mkulima akiona udongo anajua jambo moja tu, kuupiga. Nilipiga mpira, na kila mara nikapiga na ardhi iliyo chini yake, na ardhi ya kiangazi haina huruma na mtu. Tena mkono huohuo ulikuwa umekamua ng'ombe wawili alfajiri na kukata nepia jioni ya jana yake. Kufinya asubuhi, kufinya jioni, na Jumamosi kufinya tena.

Siku ya duru yangu ya kwanza alikuja mwenyekiti wa kamati mwenyewe, bwana mmoja wa kofia nyeupe. Akatazama jinsi majani yanavyoruka pamoja na mpira, akacheka mpaka akaegemea mti.

"Mama Mwenda, hapa si shamba ya waru," akasema, yaani viazi. "Unachimba uwanja yetu!"

Nilimjibu kwa kupiga kwa nguvu zaidi. Hilo lilikuwa kosa, ingawa mpaka leo nafsi yangu haijalijutia vizuri.

Duru ya kwanza nikamaliza. Ya pili nikamaliza pia, lakini kiwiko kilikuwa kimeanza kuwaka, na nikishika kikombe cha chai naona kama mtu ananichoma sindano. Nikakipaka dawa ya kuchua, nikakifunga kitambaa kwa nguvu, nikavaa sweta ya mikono mirefu mtu asione. Unajua sisi watu wa jembe. Tunaamini maumivu ya kazi hutolewa na kazi. Mwili ukiuma, lima mpaka upate joto. Basi nikazidisha mazoezi nyuma ya zizi, kila jioni mpaka kuku waingie bandani. Mume wangu alinikumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamwambia methali hiyo ilitungwa na mshindi.

Wiki ya duru ya tatu nilikuwa natoka zizini na ndoo ya maziwa. Kidole kidogo kikafa ganzi, vingine vikaachia, ndoo ikaanguka. Maziwa ya asubuhi nzima yakamwagikia miguu ya mama mkwe wangu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, ambaye hakuwahi kuiona fimbo ya gofu ikipigwa. Maziwa hakuyatazama. Alinivuta mkono wa sweta, akaona kitambaa, akabonyeza mahali pamoja tu kwa kidole gumba. Nikapiga kelele, ng'ombe wakashtuka.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua iishe."

"Na ukanyamaza. Mwari wakwa, mficha uchi hazai." Aliniita hivyo siku zote, binti yangu, kana kwamba alinizaa mwenyewe.

Akachukua panga. Kwanza alilinoa kwenye jiwe, bila haraka, huku mimi nimesimama na aibu yangu. Kisha akaniongoza kwenye nepia akaanza kukata. Nilikuwa nimemwona akikata mara nyingi, lakini sikuwahi kumtazama. Alilishika panga kama unavyoshika kifaranga. Lilitoka kiunoni, likapita begani, na vidole vyake vilikaza pale tu makali yalipokutana na bua, kisha vikalegea tena. Alikata mstari mmoja, akanyooka, akakung'uta mikono, akabadilisha mkono.

"Panga ndilo linalokata," akaniambia. "Mkono unalipeleka tu. Wewe kila kitu unakikaba koo: jembe, chuchu ya ng'ombe, na sasa hiyo fimbo yako. Sasa imekulipiza."

Machozi yalinitoka. Nikamwambia basi, nimeacha gofu, wameshinda. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kweli.

"Nani amesema uache? Ukiacha watasema walijua! Wacha mkono upone, halafu urudi."

"Na mkutano?"

"Mkutano uko kila mwaka. Mkono wa kulia uko nao mmoja."

Kuanzia asubuhi iliyofuata yeye ndiye aliyekamua. Nataka uelewe uzito wa jambo hilo. Mama mkwe kumkamulia mke wa mwanawe, tena mke aliyeumia akicheza! Mlangoni pa kanisa wanawake walinong'ona, na mmoja akathubutu kumuuliza kama ameajiriwa. Akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni: "Ng'ombe ni wangu, maziwa ni yangu, na mkono wa binti yangu ni wangu. Kuna mwingine anataka kukamuliwa?"

Kwa sababu ya ile ganzi nilikwenda hospitalini. Daktari akaniambia mfupa ni mzima. Kilichoumia ni kano za kukunja vidole, pale zinaposhikana na kiwiko. Akaniamuru nipumzishe mkono, na siku za mwanzo nikawa nauwekea kitambaa kilicholowa maji ya mtungi yaliyolala nje kwenye baridi ya mlima wetu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, mara kadhaa kwa siku. Makali yalipopungua daktari alinifundisha kunyoosha mkono, kiganja juu, na kuvivuta vidole chini taratibu kwa mkono wa pili. Baadaye nikaweka mkono mezani, kiganja juu, nikashika jiwe dogo na kulishusha polepole. Polepole, mwanangu. Kazi ya jiwe iko katika kushuka.

Mkutano ukafika. Niliketi mstari wa mbele na sweta ya mikono mifupi. Majina yakasomwa, langu halikuwemo, na mwenyekiti akawaambia wenzake kwamba yeye alishasema sitaweza. Iliniuma kuliko kiwiko. Nikamwangalia usoni mpaka akashusha macho kwenye karatasi.

Baada ya miezi minne niliishika fimbo tena. Mipira kumi tu, fimbo fupi, nyumbani. Wiki iliyofuata, kumi na tano. Nilizungushia mpini utepe wa mpira ili uwe mnene, vidole visijikunje sana. Nilijifunza kugeuka kwa kiuno na kuugusa mpira bila kuuchimbia kaburi. Mwaka uliofuata nilicheza duru zote tatu, jina langu likaandikwa, na niliyemtafuta nyumbani kwanza alikuwa yule mama. Alikuwa zizini, anakamua. Nikamwambia, "Ondoka hapo, mama. Zamu yangu."

Miaka ikapita. Jumapili moja mwenyekiti akabisha langoni petu, kofia mkononi. Sasa kiwiko kilimuuma yeye. Alikuwa amejaribu kila dawa, na mtu akamwambia kuna mwanamke Makutano anayejua. Mama mkwe wangu, mzee sasa, aliinuka kitini, akamletea panga na kumwonyesha nepia.

"Shika tuone." Mwenyekiti akalikaza kwa mikono miwili. Mama akacheka kwa raha. "Pole pole, mzee. Hapa si uwanja wa gofu."

Basi mwanangu, sikia. Dalili ya mvua ni mawingu. Maumivu ya kwanza ni habari, usiyafunge kitambaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Punguza mipira, amsha mwili kabla ya kuanza, shika fimbo kwa upole, na uhesabu kazi zote za mkono huo, maana kano hazijui kama ulikuwa shambani au uwanjani. Vidole vikifa ganzi, kiwiko kikivimba au kikikataa kukunjika, nenda kwa daktari siku hiyo, usingoje kumwaga maziwa kama mimi. Na anayekuambia huu si mchezo wa watu wenu, usimjibu kwa kukaza vidole. Mjibu kwa kurudi.

Mungu wa mlima huu akulegeze vidole na akukaze moyo. Mkono wako uinuke bila uchungu mpaka nywele zako ziwe nyeupe kama zangu, na usikose mtu wa kukukamulia ng'ombe unapopona. Mimi wiki hii nitakukamulia wako. Lakini lile gunia nataka lishuke darini.