Msiba wa Nyota na Msiba wa Nyanya

Juzi, nikingoja kutoa kopi kwenye saiba moja, duka la kompyuta, sokoni Keumbu, nilimwona msichana akimwonyesha mamake karatasi yenye mstari wa kupanda na kushuka.

"Mama, hii ndiyo iliyonizuia kuja kumzika Nyanya. Kuna nyota ililipuka. Mwanga unaobaki hufifia ndani ya siku chache tu, na lazima sisi wa darubini tuzitenganishe rangi zake ndio tujue nyota ilikuwa na nini ndani, na iko mbali kiasi gani."

"Ilikufa lini?"

"Kabla dunia haijakuwako. Mwanga ndio umefika sasa."

Mama aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Na nyinyi mlipofika kwa hiyo nyota marehemu, mkaanza kuuliza alikuwa na nini tumboni? Kwetu aliyechelewa mazishi hupitia kaburini kwanza, alie, ndipo asalimie watu."

Mama akaikunja ile karatasi polepole, akaitia ndani ya Biblia yake.

"Twende nyumbani. Utalia, halafu utanieleza hiyo nyota."

Mwanga wa nyota haumsubiri mtu. Kaburi la nyanya, nashukuru Mungu, husubiri.