Foleni ya Vyeo Burumba

Jamani, leo mimi nimeamrisha jeshi!

(Nabandika hii kwenye ubao wa kantini. Mkimaliza chai, mseme kama nimekosea.)

Ilikuwa kliniki yetu ya kwanza Burumba, ya wazee waliopigana vita vya Burma na familia zao.

Kutoka nje, nakuta wazee wamejipanga kwa vyeo!

Mbele kabisa ni Sajini Ouma, medali kifuani, ugonjwa wake kikohozi kidogo tu. Mwisho kabisa ni Mzee Wandera, aliyekuwa mpishi wa jeshi, amemshika mkewe anayetetemeka kwa homa.

Nikamwita Wandera aje mbele.

"Sista, siwezi kumpita sajini."

Nikamgeukia sajini.

"Sista, jeshi lina utaratibu."

Ala! Mama wa watu anaungua na homa, sisi tunahesabu vyeo?

Nikasimama wima, nikavuta pumzi.

"Kikosi! Nyumaaa... geuka!"

Wakageuka wote, hata yule wa mkongojo! Wandera akawa wa kwanza, nikamwingiza mkewe ndani mara moja.

Sajini sasa yuko mkiani. Amri ni amri.

Ndipo mkewe sajini akainuka kwenye benchi, akaninong'oneza:

"Sista, nifundishe hiyo. Nyumbani huyu hasikii kitu!"