Ndege Ubavuni mwa Randa

Kila asubuhi, kabla hajagusa mkasi, kinyozi jirani yangu huchukua kifaa kimoja cha kale cha useremala kutoka rafuni, hupitisha kidole gumba juu ya chapa ya aliyekitengeneza, na kusema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, fundi." Ana patasi, tezo na keekee, na mafundi waliovitengeneza anawajua kama watu wa ukoo wake: huyu alikuwa kiziwi, yule alifundishwa kazi na mama mkwe. Wateja humtania, "Leo tunyoe kwa tezo basi!" Hucheka, lakini mkono hauyumbi. Chapa moja tu ilimshinda: ndege mdogo aliyegongwa ubavuni mwa randa ya mbao. Kila mzee aliyekaa kitini aliulizwa, povu likiwa bado mashavuni, kama amewahi kumwona ndege yule.

Jana mkewe, ninayemwita shangazi, aliileta randa hiyo ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Alikuwa ameisugua kwa msasa na kuipaka vanishi. "Haya, baba watoto, si inang'aa kama mpya?" Ubavu ulikuwa laini kama yai. Kinyozi alipitisha kidole gumba, akarudia tena. "Umejitesa kwa ajili yangu," akamwambia. "Tazama vidole vyako vilivyochubuka." Akaiweka katikati ya rafu, na shangazi akaondoka akiimba. Ndipo nikathubutu kumuuliza, "Sasa utamjuaje aliyeitengeneza?"

"Sitamjua," alisema. "Usimwambie shangazi yako."